“Fanya Unavyojua” Ilitugharimu Laki Nne na Nusu

Mnataka kompyuta ya sinema sebuleni, inayotumia Linux, isiyopiga kelele wala kumaliza LUKU? Kabla hamjatoa hela ya kadi ya picha, someni kwanza yaliyotukuta mimi na mume wangu.

Ilikuwa Ijumaa usiku, saa nne kasoro. Mtoto amelala, vyombo vimeoshwa, na mimi nimejifunga kanga yangu nimekaa kwenye kochi nasubiri filamu. Mume wangu amepiga magoti nyuma ya TV, simu imewashwa tochi, ameibana kwa meno. Akabonyeza swichi.

Jamani! Ule mlio ulikuwa kama mashine ya kusaga imewashwa chini ya meza. Feni mbili zinavuma, boksi la kompyuta liko wazi ubavuni, na ndani yake kuna kitu kirefu kama tofali, kinawaka taa nyekundu. Haikupita dakika moja, mtoto akaanza kulia chumbani.

“Hiki ni nini?” nikauliza.

“Kadi ya picha, mke wangu. Sasa filamu zitakimbia kama maji.”

“Shilingi ngapi?”

Kimya. Mwanamke yeyote aliyeolewa anaujua ule ukimya. Nilikwenda kumbembeleza mtoto, na niliporudi nikaambiwa ukweli: kadi ni 380,000, pawasaplai mpya ya kuilisha kadi ni 70,000. Jumla laki nne na nusu, na imetoka kwenye akiba ya ada ya chekechea ya Januari.

Filamu hatukuangalia usiku ule. Na naomba nikiri mapema, msomaji wangu, kwamba lawama hazikuwa za mtu mmoja.

Tulifikaje hapo?

Tangu mtoto azaliwe, safari za sinema Mlimani City zilikufa zenyewe. Yaya anaondoka jioni, foleni haina huruma, na ukifika umeshachoka. Tukakubaliana kwamba sinema ije nyumbani. Mume wangu ni mtu wa kompyuta kazini kwake, na anapenda Linux kama wenzake wanavyopenda Simba na Yanga. Kwa 200,000 alinunua Kariakoo kompyuta ya mtumba, zile ndogo zilizotumika maofisini Ulaya. Hiyo niliijua na niliiafiki.

Akaweka Kodi, programu ya bure inayozipanga filamu, muziki na picha kwenye skrini vizuri kabisa, unachagua kwa rimoti ukiwa umelala kwenye kochi. Nikaipenda. Tatizo likawa video za 4K. Zilikuwa zinakwamakwama, sauti inatangulia, midomo inafuata baadaye.

Alinieleza. Mara mbili, tatu. “Mke wangu, nadhani inataka kadi ya picha, unaonaje?” Na mimi, macho kwenye simu, nilimjibu kila mara jibu lilelile: “Fanya unavyojua.”

Basi akafanya alivyojua. Alikwenda kwa muuza duka, muuza duka akamwonyesha kadi kubwa kuliko zote dukani, ya geimu, toleo la mwaka 2017, inayokula hadi watt 185. Pawasaplai ya kompyuta yetu ilikuwa ya watt 240 kwa mashine nzima. Ndiyo maana ikabidi inunuliwe nyingine, na ndiyo maana boksi likabaki wazi: mfuniko haukufunga.

Misuli si ufunguo

Kesho yake, hasira zikiwa zimepoa kidogo, tukaiwasha tena mchana. Nikafungua YouTube, video ya mapishi, 4K. Ikakwamakwama vilevile! Laki nne na nusu, na biriani bado inaruka kama kanda mbovu.

Hapo ndipo mume wangu alipokaa kitako kusoma, na safari hii nikakaa naye. Nitakueleza tulichokielewa kwa lugha ya jikoni.

Picha moja ya 4K ina doti 3,840 kwa 2,160, yaani zaidi ya milioni nane. Filamu inaonyesha picha kama hizo 24 kila sekunde. Ukizihifadhi zilivyo, filamu moja ingejaza diski nzima. Kwa hiyo zinabanwa, na ile namna ya kubana ndiyo inaitwa kodeki. DVD za zamani zinatumia MPEG-2. Mwaka 2003 ikaja H.264, ambayo mpaka leo iko kila mahali. Mwaka 2013 zikaja HEVC, wengine wanaiita H.265, na VP9 ya Google. Mwaka 2018 ikatoka AV1.

Ichukulie kodeki kama kufuli. Ndani ya chipu ya picha kuna kipande kidogo maalumu ambacho kazi yake ni moja tu, kufungua makufuli hayo. Kama kina ufunguo wa kufuli lako, video inafunguka bila jasho, feni haijui kama kuna kazi inafanyika. Kama hakina, mzigo wote unamwangukia prosesa, naye anavunja mlango kwa bega: joto, kelele, umeme, na picha inakwama.

Sasa sikiliza kinachowaponza wengi. Kipande hicho hakikui kwa sababu kadi ni ya bei kubwa. Misuli ya geimu ni kitu kingine kabisa. Kadi yetu ya watt 185 ilikuwa na ufunguo wa H.264 na wa HEVC. Wa VP9 na AV1 haikuwa nao. Na YouTube, video za 4K inazitoa kwa VP9 au AV1. Tulinunua mlinzi mwenye kifua kipana, tukasahau kumuuliza kama ana funguo.

Mume wangu aliinamisha kichwa. “Kumbe nilinunua ukubwa,” akasema. Nikamwambia, “Na mimi kumbe nilikuwa nakujibu bila kukusikiliza.” Hiyo ndiyo ikawa suluhu yetu ya kwanza. Bado hela ya ada ilikuwa haijarudi.

Wiki kumi na nne bila mashine

Niliweka sharti: ada kwanza. Kadi na pawasaplai viliuzwa kwa 290,000, tukapoteza 160,000. Pengo hilo mume wangu alilifidia kwa kazi za ziada mwisho wa wiki, na mtoto akaanza shule kwa wakati. Kompyuta ya zamani ikauzwa kwa 150,000, tukaziweka.

Kisha tukakubaliana kila Ijumaa, badala ya kuagiza chipsi kuku na soda, tuweke 20,000 kwenye kibubu. Wiki 14. Tukawa tunatazama filamu kwenye kompyuta ya mapajani, vichwa vimegusana, mto katikati. Nikuambie siri? Baadhi ya Ijumaa hizo zilikuwa tamu kuliko zote.

Wakati tukisubiri, nilibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Kila tulichotazama tukakiandika, na mume wangu akaongeza pembeni kodeki yake. Mwisho wa wiki ya kumi na nne karatasi ilisema hivi:

Filamu zetu wenyewe, nyingi ni H.264 za kawaida. Mapishi, muziki na michezo ya kuigiza ya YouTube, VP9 na AV1. Video za mtoto alizopiga baba yake kwa simu, 4K ya HEVC. DVD za kwaya za mama mkwe, MPEG-2. Na kitu kimoja nilichokiandika mimi halafu sikukitazama: video ya sendofu yangu, iliyopigwa kwa kamera ya 1080i.

Geimu: sifuri. Hata moja. Na tulikuwa tumenunua kadi ya geimu.

Karatasi ile ilitufundisha jambo lingine. Netflix tunaitumia, lakini picha ya 4K ya Netflix haitoki kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux, hata ukiweka kadi ya milioni tano. Ni mambo ya ulinzi wa haki za filamu, kadi haihusiki. Kwa hiyo Netflix tuliiacha ibaki kwenye programu ya TV yenyewe. Kama mwenzako anakuambia kadi kubwa itawaletea Netflix 4K kwenye Linux, mshike mkono, mkalishe.

Intel, AMD au NVIDIA?

Kwenye Windows unaweza kununua karibu kadi yoyote ukaishi nayo. Kwenye Linux kuna swali la pili baada ya funguo: draiva, ile programu inayomwezesha Linux kuongea na chipu. Kampuni kubwa ni tatu, na kila moja ina tabia zake.

NVIDIA ni kama mchumba mwenye uwezo lakini msiri. Mwaka 2008 ilileta VDPAU, njia ya kuifanya chipu ifungue video kwenye Linux, na wapenzi wengi wa sinema za nyumbani waliikimbilia. Lakini draiva yake ilikuwa ya siri, huwezi kuiona ndani. Mwaka 2012, kwenye mazungumzo huko Finland, Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, aliinyooshea NVIDIA kidole cha kati mbele ya kamera. Mambo yamebadilika kiasi. Mwaka 2022 kampuni ilifungua sehemu ya draiva inayoingia kwenye kiini cha Linux, lakini kwa chipu za kizazi cha 2018 na kuendelea tu.

Mtego uko kwenye kadi ndogo za bei nafuu. GT 710 utaiona sana madukani, fupi, kimya, bei ya kuvutia. Haina ufunguo wa HEVC. GT 1030 ya mwaka 2017 inakula watt 30 tu, ina HEVC na VP9, lakini haina AV1. Tena mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kwamba draiva za familia ya 580 ndizo za mwisho kwa kizazi chake. Maana yake, unaoa mtu aliyeshafunga mizigo. Ukitaka AV1 kwa NVIDIA, anzia RTX za mfululizo wa 30, za mwaka 2020, na hizo kwa filamu tu ni kuua mbu kwa rungu.

AMD ni muwazi. Draiva yake ya amdgpu imo ndani ya Linux yenyewe tangu mwaka 2015, hupakui kitu, unawasha tu. Kadi za RX 6000, zilizoanza mwaka 2020, zinafungua AV1. Isipokuwa, na hapa naomba usikilize, ndugu zao wadogo RX 6400 na RX 6500 XT za mwaka 2022. Hao wawili walinyimwa AV1, ingawa jina la ukoo ni lilelile. RX 6400 ni fupi, inaingia kwenye boksi dogo, inavutia kweli. Nusura tuinunue.

AMD ina mambo mengine mawili. Mwaka 2022 Fedora, moja ya Linux maarufu, iliondoa uwezo wa chipu kufungua H.264 na H.265 kwenye draiva huria, kwa sababu ya sheria za hataza. Kwa hiyo unaweza kuwa na kadi nzima yenye funguo zote na bado milango imefungwa, mpaka uongeze vifurushi kutoka hazina ya RPM Fusion. Na mwaka 2024 wasimamizi wa HDMI walikataa mpango wa AMD wa kuweka HDMI 2.1 kwenye draiva huria. Kwa mtu wa geimu wa 4K kwa picha 120 kwa sekunde hilo linauma. Kwa filamu, 4K ya 60 inatosha na kubaki.

Intel ni yule jirani ambaye hukuwahi kumtazama mara mbili. Chipu yake ya picha imo ndani ya prosesa, hununui kadi kabisa. Draiva zake ni huria na zimo kwenye Linux. Kinachohesabika ni kizazi. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa ya kizazi cha 4, cha mwaka 2013: inafungua MPEG-2 na H.264, lakini HEVC haina. Kizazi cha 6, mwaka 2015, kikaongeza HEVC ya kawaida. Kizazi cha 7 kikaongeza HEVC ya biti 10, ile inayotumika kwenye filamu nyingi za 4K, pamoja na VP9. Kizazi cha 11, mwaka 2020, kikaleta AV1. Na mwaka 2023 zikatoka chipu ndogo kama N100, iliyopangiwa watt 6 tu, na ina funguo zote za kwenye karatasi yetu ya friji.

Kumbe jibu la swali la “kadi gani?” kwetu sisi lilikuwa “hakuna kadi”. Mume wangu alichukua siku mbili kulimeza hilo. Mwanaume anapenda kitu cha kuchomeka.

Jumamosi Kariakoo

Safari hii tulikwenda wote wawili. Mtoto tulimwacha kwa bibi yake, tukashuka Msimbazi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkobani nilikuwa na 430,000: zile 150,000 za mashine ya zamani na 280,000 za kibubu. Mfukoni mwake mume wangu kulikuwa na flashi.

Flashi hiyo ndiyo siri ya makala hii, iandike mahali. Ina Linux inayowaka bila kusakinishwa, na ndani yake kuna programu ndogo inaitwa vainfo. Unachomeka flashi kwenye mashine ya dukani, unaiwasha, unaandika neno hilo moja, na chipu inataja funguo zake zote kwa mistari. Ukiona mstari wenye HEVCMain10 na mwisho wake neno VLD, ina ufunguo wa HEVC ya biti 10. Vivyo hivyo VP9, vivyo hivyo AV1. Kwa NVIDIA njia ni tofauti kidogo, lakini kwa Intel na AMD hiyo ndiyo njia.

Duka la kwanza walikataa. “Hatuchomeki vitu vya mteja.” Haki yao, tukasalimia tukaondoka. Duka la pili kijana alituonyesha boksi lililoandikwa kizazi kipya kabisa. Vainfo ikatoa mistari michache tu, hakuna VP9, hakuna AV1. Stika ilikuwa mpya, mashine ilikuwa ya zamani. Kijana mwenyewe alishangaa, nadhani hata yeye alikuwa ameletewa hivyo. Duka la tatu tukaipata: boksi dogo kama kitabu cha hadithi, N100, halina feni, mwili wake wote ni bati la kupoozea. Mistari ikashuka skrini nzima. Mume wangu akanigeukia.

“Unaonaje?”

Unajua nilichotaka kujibu? Mdomo ulishaanza. Nikajizuia. Nikauliza: “Ina tundu la HDMI la kutosha 4K ya 60? Memori inaongezeka? Tukikuta tatizo wanarudisha ndani ya siku ngapi?” Muuzaji akanijibu mimi. Tukatoa hela.

Uniti zinasemaje?

Nyumbani tulipima kwa kile kipimo kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Mashine ya zamani ikiwa na kadi yake ilikuwa inakula karibu watt 100 tukitazama video. Hii mpya, filamu ileile, watt 12.

Piga hesabu ya saa nne kwa siku, siku 30. Ya kwanza ni uniti 12 kwa mwezi. Ya pili ni uniti moja na nusu hivi. Siyo utajiri, lakini ni LUKU, na kila mtu anajua inavyoishaga usiku wa manane. Kingine, kifaa kinachokula kidogo hakihitaji feni. Ule ukimya wa sebuleni ndio uliomfanya mtoto alale, na mtoto akilala, unajua tena, wazazi wanabaki na jioni yao.

Baba kwenye skrini

Sasa nirudi kwenye mstari wa mwisho wa karatasi ya friji.

Baba yangu alifariki mwaka 2022. Kwenye sendofu yangu, miaka mitatu kabla, alicheza. Mzee aliyekuwa hachezi hata kwenye Krismasi, siku ile alisimama, akapanga mikono, akanifuata mpaka mbele. Video ninayo. Nilijaribu kuiangalia mara moja kwenye ile mashine yenye kadi kubwa, na kila baba alipotikisa mkono, mkono ulikatika vipande kama meno ya kitana. Nikaizima. Nikasema kamera ilikuwa mbovu, na hela yetu ya mpiga video ilipotea.

Kumbe kamera haikuwa na kosa. Ile “i” kwenye 1080i ina maana kila picha imerekodiwa nusunusu: mistari shufwa na mistari witiri kwa kupokezana, nusu 50 kwa sekunde. TV za leo zinaonyesha picha nzima. Kwa hiyo lazima mtu azishone zile nusu mbili, na kitu kinachotembea kati ya nusu moja na nyingine ndicho kinachotoa meno ya kitana. Kushona huko chipu ya picha inaweza kukufanya yenyewe, kwa kuangalia ni sehemu gani ya picha inatembea na ipi imetulia. Kwenye mashine ya kwanza hakuna aliyeiwasha. Hakuna aliyejua.

Kulikuwa na kosa la pili. TV yetu ilikuwa imekaa kwenye mapigo 60 kwa sekunde muda wote. Video ya nusu 50 ukiilazimisha kwenye 60, inaruka. Filamu ya picha 24 nayo vilevile: picha moja inakaa mapigo mawili, inayofuata matatu, ndiyo maana kamera ikizunguka polepole unaona kama inachechemea. Ndani ya Kodi kuna mpangilio wa kuibadilisha TV ifuate mapigo ya video. Ukiwasha, 24 inakwenda kwa 24, 50 inakwenda kwa 50.

Mume wangu aliyapanga hayo yote Jumapili jioni bila kuniambia. Safari hii siri yake haikuwa na bei. Akaniita, akanipa rimoti. Baba akasimama. Akapanga mikono. Mkono ukapita hewani mzima, vidole vyote vitano, na pete yake.

Tulimwangalia mpaka mwisho wa wimbo. Mume wangu alinishika bega, hakusema neno, na mashine nayo haikusema neno.

Kabla hamjatoa hela

Kaeni wawili, zimeni simu, pitieni haya:

1. Andikeni mnachotazama kweli kwa mwezi mmoja, siyo mnachotamani kutazama. Kila kimoja mkijue kodeki yake.

2. Tafuteni funguo kabla ya nguvu. Kwa mashine ya kukaa nayo miaka, hakikisheni HEVC ya biti 10, VP9 na AV1 zote zimo.

3. Anzeni na chipu iliyo ndani ya prosesa. Kadi ya pembeni ifuate tu kama mashine mliyonayo ni nzima na haina ufunguo mnaouhitaji, au kama geimu ni sehemu ya maisha yenu.

4. Ikiwa ni kadi, pimeni boksi kwa rula na msome watt za pawasaplai. Kadi isiyo na waya wa ziada wa umeme inapewa na madabodi watt zisizozidi 75.

5. Msiamini jina la ukoo wala stika. Nendeni na flashi, andikeni vainfo.

6. Kwa Linux, kadi mpya sana inataka Linux mpya, na kadi ya zamani sana inaweza kuwa imeshaachwa. Ulizeni vyote viwili.

7. Mashine ya sebuleni iwe kimya. Isiyo na feni ni bora.

Nyumbani kwetu tumeongeza la nane: kitu chochote kinachozidi laki moja hakinunuliwi mpaka mwingine aulize maswali matatu. Asipokuwa na maswali, maana yake hajasikiliza, na tunasubiri mpaka kesho. Wiki iliyopita ilikuwa zamu yangu, nilikuwa nataka kapeti. Mume wangu aliuliza matano.

Kwa hiyo mwenzio akija na habari za kadi, draiva na kodeki huku macho yako yako kwenye simu, usimjibu kama nilivyokuwa najibu mimi. Mwambie, “Kaa hapa unieleze.” Ni bure, haili umeme, na haina feni. Kazi kwenu!